Ng'ombe walipofika kabla ya majani: uchambuzi wa kisa cha kooperativi moja ya maziwa karibu na Bukavu

## Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinahusu kooperativi ya wafugaji kwenye milima inayozunguka Bukavu, Kivu Kusini. Ilipokea mitamba 14 wenye mimba kutoka kwa mradi wa serikali uliolipiwa kwa fedha za nje. Majina ya kooperativi, kijiji, mradi na watu yameondolewa, na miaka haitajwi. Miezi inahesabiwa kuanzia siku ng'ombe waliposhushwa kwenye lori.

Kimeandikwa kwa ajili ya kamati za kooperativi, maofisa wa mifugo na wale wanaopanga miradi ya namna hii. Ng'ombe waliokufa hapa hawakuuawa na uvivu wala wizi. Kila uamuzi ulikuwa na sababu inayoeleweka siku ulipochukuliwa, na kwa hiyo unaweza kurudiwa kesho na kamati nyingine yenye nia njema.

## Hali ilivyokuwa kabla

Bushi, eneo la Washi linalozunguka Bukavu, ni nchi ya ng'ombe tangu enzi za mababu, na mpaka leo ng'ombe ndiye uzito wa mahari na heshima ya nyumba. Vita vya kuanzia 1996 vilimaliza mazizi mengi. Familia nyingi zilibaki na mbuzi wawili watatu, kuku na kobayi, wale wanyama wadogo wa nyama wanaofanana na sungura. Wakati huohuo mji wa Bukavu uliendelea kukua, na watu wake wakazoea maziwa ya unga ya kopo huku maziwa mabichi ya mlimani yakiuzwa yote kabla ya saa tatu asubuhi. Soko lilikuwepo, na halikuwa tatizo katika kisa hiki.

Shida ilikuwa ardhi. Kwenye milima hii mtu hupata shamba kwa njia mbili kubwa za kimila. Ya kwanza ni kalinzi: umetoa ng'ombe au thamani yake kwa mwenye mamlaka ya ardhi, shamba ni lako la kudumu, watoto wanarithi, unaweza kupanda migomba na miti. Ya pili ni bwasa: unalima kwa muda, unalipa kwa pesa, kwa mazao au kwa siku za kazi, na mwenye shamba hakuruhusu kupanda kitu kinachodumu, kwa sababu mmea unaokaa miaka mingi huanza kuonekana kama alama ya miliki. Maharage ni sawa, viazi vitamu ni sawa, mgomba hapana. Aliyeandika mradi hakuuliza swali hili, na ndilo lililoamua mengi.

Kooperativi ilikuwa na wanachama 42, zaidi ya nusu wakiwa wanawake. Ilikuwa imeandikishwa kama kooperativi nyepesi, ile inayoitwa SCOOPS katika sheria ya 2010 ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo inaifuata tangu ilipojiunga na OHADA mwaka 2012. Kabla ya mradi ilishughulika na mbegu za maharage na kikundi cha akiba. Hakuna aliyekuwa amewahi kufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya zizi.

## Mradi ulivyokuwa kwenye karatasi

Mitamba 14, machotara wa Friziani, wenye mimba ya miezi mitano hadi saba, wanunuliwe nchi jirani, wapimwe brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) na kifua kikuu, wakae karantini, halafu wagawiwe familia 14. Kila familia irudishe ndama jike wa kwanza akifika miezi sita, apewe mwanachama mwingine. Jedwali lilionyesha familia 28 zikiwa na ng'ombe kufikia mwezi wa 18, na wanachama wote 42 kufikia mwezi wa 30. Kila ng'ombe aliandikiwa lita 12 za maziwa kwa siku.

Hesabu hiyo ilikuwa imetoboka hata kabla ng'ombe hajapanda gari. Kati ya ndama wawili, mmoja huwa dume. Mitamba 14 wakizaa wote salama, bila kifo hata kimoja, majike ni saba hivi, si 14. Tena jedwali lilidhani kila ng'ombe atazaa kila baada ya miezi 12. Mimba ni siku 280 na chache, kwa hiyo ili azae kila mwaka lazima ashike mimba tena ndani ya siku 80 hivi baada ya kuzaa. Ng'ombe aliyeshiba anaweza. Ng'ombe anayekamuliwa huku amekonda hatafuti dume: mwili hula akiba yake kwanza ili utoe maziwa, na uzazi hungoja.

Pamoja na ng'ombe, kila familia ilipewa kamba, ndoo ya kukamulia, jiwe la chumvi, lita moja ya dawa ya kupe aina ya amitrazi ya asilimia 12.5, na mafunzo ya siku mbili. Hakukuwa na fungu la vipandikizi vya majani, la pompi ya kunyunyizia, wala la saruji ya sakafu ya zizi.

## Uamuzi wa kwanza: kuwapokea mwezi wa Mei

Ng'ombe walitarajiwa Oktoba, mwanzoni mwa mvua. Malipo yalichelewa, zabuni ikarudiwa, na lori likafika katikati ya Mei. Milimani mvua hukoma mwishoni mwa Mei, na Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Mitamba wa mimba ya miezi mitano hadi saba wakifika Mei, watazaa kati ya Julai na Septemba. Maana yake mdomo wa ng'ombe unahitaji chakula kingi kuliko wakati wowote mwingine, na kilima kiko kikavu kuliko wakati wowote mwingine.

Mwanachama mmoja aliliona hilo na akaomba wasubiri. Kamati ilikataa, kwa sababu iliambiwa kwamba fedha za mwaka huo zisipotumika zitarudishwa. Kamati yoyote ingefikiri hivyohivyo. Lakini hakuna aliyejaribu njia ya katikati: kuomba kwa barua kwamba ng'ombe wabaki kwa muuzaji hadi Septemba, na fedha ziandikwe kuwa zimetumika kwa mkataba uliosainiwa. Barua hiyo haikuandikwa kamwe.

## Uamuzi wa pili: kura

Wanachama 42 walitaka, ng'ombe walikuwa 14. Kamati iliogopa kuitwa ya upendeleo, ikaandika namba kwenye vikaratasi, ikaziweka ndani ya kofia. Watu waliridhika, na hilo si jambo dogo katika kijiji ambako miradi iliyotangulia iliacha magomvi.

Kura ilitoa majibu haya: familia tano zilikuwa na shamba la kalinzi au la kununua, lenye nafasi ya kupanda majani. Sita zililima kwa bwasa. Tatu zilikuwa na kiwanja cha nyumba tu. Kwa maneno mengine, ng'ombe tisa kati ya 14 waliingia kwenye nyumba zisizo na mahali pa kupanda hata shina moja la kudumu.

Kwa kulinganisha, ng'ambo ya mto Ruzizi, mpango wa Girinka ulioanza Rwanda mwaka 2006 unamtaka anayepokea awe na zizi na majani kabla ng'ombe hajaletwa. Kura ingeweza kutumika hapa pia bila ubaya wowote, kama ingepigwa kati ya wale walioonyesha majani yao kwanza.

## Mwezi wa kwanza: kupe

Mitamba walitoka kwenye shamba lililonyunyizia dawa bila kukosa. Kwa hiyo walifika wazima, lakini bila kinga yoyote ya theileriosi, ile ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kupe wa hudhurungi anayependa kujificha ndani ya sikio. Kupe huyo akishashikamana, vimelea huchukua kama siku tatu au nne kukomaa kwenye tezi za mate yake kabla hajaviingiza kwa ng'ombe. Hapo ndipo ulipo mlango wa kinga: ukinyunyiza mara mbili kwa wiki, unamuua kupe kabla hajamaliza kazi yake. Ukinyunyiza kila wiki mbili, unaua kupe ambao tayari wamekwisha ambukiza.

Wanachama walinyunyiza. Kila mmoja alisema hivyo, na kila mmoja alisema kweli. Afisa wa mifugo alipoomba aonyeshwe, mambo yalionekana. Kijiji kizima kilikuwa na pompi tatu za mgongoni za lita 16, za walima nyanya. Amitrazi hiyo hupimwa mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 32 kwa pompi nzima. Mwanachama alipima kwa kifuniko cha chupa ya plastiki, viwili kwa pompi. Afisa alivimimina ndani ya bomba la sindano: vifuniko viwili havikufika mililita 13. Kisha pompi hiyo moja ilizungushwa kwa ng'ombe sita, chini ya lita tatu kwa kila mmoja, wakati mnyama mzima anahitaji lita tano hadi kumi ili alowe hadi tumboni. Mgongo uling'aa kwa maji. Ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele palikuwa pakavu. Afisa alikunjua sikio la mtamba mmoja kwa kidole gumba: kupe walikuwa wamepangana humo, wamejaa damu.

Dawa yenyewe ilikuwepo ya kutosha. Lita moja kwa kipimo sahihi hutoa pompi 31, na kwa ng'ombe mmoja anayenyunyiziwa lita nane mara mbili kwa wiki inakaa kama miezi saba. Kilichokosekana ni pompi, bomba la kupimia, na mtu mmoja wa kuifanya kazi hiyo kila mara kwa namna ileile.

Mtamba wa kwanza aliacha kula katika wiki ya tatu. Chini ya sikio palivimba kama yai, mwenyewe akadhani amegongwa na nguzo ya zizi. Siku mbili zikapita. Fundi wa dawa wa kijiji alipoitwa alimchoma oksitetrasaiklini, dawa ambayo huzuia theileriosi ikiwa tu imetolewa mapema mno, siku za maambukizi yenyewe. Homa ikishapanda haifai kitu. Mtamba alikufa akitoa povu puani. Wa pili alipata dawa inayostahili, buparvakwoni, lakini siku ya nne ya homa, tayari akihema kwa shida. Naye akafa. Wa tatu alipimwa joto asubuhi ya kwanza alipoacha majani, akakutwa na nyuzi 41, akachomwa siku hiyohiyo mililita moja kwa kila kilo 20 za uzito, yaani mililita 20 kwa ng'ombe wa kilo 400, zikagawanywa sehemu mbili za shingo. Alipona na akazaa.

Kipimo cha joto cha bei ya chupa chache za soda ndicho kilichowatenganisha wa tatu na wale wawili. Kila zizi lilipaswa kuwa nacho kabla ya ndoo ya kukamulia.

## Mwezi wa pili hadi wa tano: njaa

Mitamba 12 walibaki. Mmoja alitupa mimba; kipimo cha brusela kilirudi safi, na sababu haikujulikana. Wengine 11 walizaa kati ya Julai na Septemba: madume sita, majike watano. Ndama jike mmoja alikufa kwa kuharisha siku ya nne. Mwenye nyumba alikuwa amemwaga dang'a akiamini ni maziwa machafu, na jirani aliyeliona hilo akaeneza habari: ndama anyweshwe dang'a ndani ya saa sita za kwanza, lita nne kama anaweza kuzimaliza. Hakufa ndama mwingine kwa njia hiyo.

Maziwa ndiyo yaliyowavunja watu moyo. Ng'ombe walioandikiwa lita 12 walitoa nne, tano, na aliyefanya vizuri kuliko wote, saba.

Hesabu ya chakula ni rahisi, na ingepaswa kufanywa mbele ya wanachama siku ya kwanza ya mafunzo. Ng'ombe wa kilo 400 hula karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi ya penisetumu (majani ya tembo) ni maji kwa sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo kilo 12 kavu ni kilo 60 za majani mabichi. Mzigo mmoja wa kichwani ni kilo 20 hadi 25. Mama mmoja, kabla ya kwenda shambani na baada ya kurudi, alikuwa analeta mizigo miwili wakati wa mvua, na mmoja Julai, akiukatia kandokando ya barabara. Waliobaki waliongezea mashina ya migomba. Shina la mgomba ni maji matupu: kilo 20 zake hazizidi sana kilo moja ya chakula kikavu. Ng'ombe alionekana ana tumbo limejaa, na alikuwa na njaa.

Maji vilevile. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 50 hadi 60 kwa siku, ambazo ni bidoni tatu za lita 20. Chemchemi iko bondeni. Nyumba nyingi zilimpa bidoni moja, moja na nusu. Hakuna majani duniani yatakayotoa maziwa bila maji.

## Mkutano wa mwezi wa tano

Mkutano mkuu uliitishwa baada ya ndama kufa. Mjumbe wa mradi aliuliza kwa nini majani hayakupandwa wakati mafunzo yalisema yapandwe. Mama mmoja alisimama: «Bwana afisa, tunakuheshimu. Lakini nionyeshe mahali pa kupanda. Shamba ninalolima ni la bwasa. Nikichomeka kitu kisichong'olewa kwa msimu, mwenye shamba atanifukuza kabla hakijaota.» Rais wa kooperativi akamjibu mbele ya wote: «Mama, una haki. Swali hilo tulipaswa kukuuliza sisi kabla ya kupiga kura.»

Tangu hapo mazungumzo yaliacha kutafuta mwenye kosa. Mkutano uliamua mambo manne, na yote yakaandikwa.

La kwanza lilikuwa kunyunyizia. Kijana mmoja mwenye subira alichaguliwa, kooperativi ikanunua pompi moja isiyoguswa na dawa za nyanya, pamoja na bomba la sindano la mililita 50. Anapita kila Jumatatu na kila Alhamisi, anaanzia masikioni, anashuka chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele, na mgongo anaumalizia mwisho. Analipwa kwa kila ng'ombe na kila mzunguko, na pesa zake hukatwa kwenye maziwa kabla mwanachama hajalipwa. Ana daftari, asiyesaini anatembelewa siku hiyohiyo.

La pili lilikuwa karatasi ya majani. Kamati ilienda kwa wenye mashamba ya bwasa na pendekezo: mpangaji apande mistari ya majani ya malisho, tripsakumu au penisetumu, kwenye kontua tu (mistari ya usawa inayokatiza mteremko), upana wa mita moja, kuzuia udongo usiteremke. Majani ni ya mpangaji, mistari ni ya mwenye shamba, na kila msimu mwenye shamba anapewa samadi. Karatasi ina sentensi moja iliyobeba yote: «Majani haya si alama ya miliki.» Shefu wa kijiji alisaini kama shahidi. Kati ya familia tano za bwasa zilizokuwa bado na ng'ombe, tatu zilikubaliwa, mbili zikakataliwa.

La tatu, ng'ombe wa zile familia mbili na wa familia tatu zisizo na shamba wahamishiwe kwa wanachama wenye majani, kwa ulezi wa ubia: maziwa yauzwe, gharama za dawa na chakula zitolewe, kinachobaki kigawanywe nusu kwa nusu. Wanne walikubali. Mmoja alikataa katakata kuachana na ng'ombe wake, akaamua kununua majani.

La nne ni dreshi, machicha ya kiwanda cha bia cha Bukavu. Kila mmoja peke yake asingemudu moto (pikipiki) ya kupandisha mfuko mmoja. Pamoja walikodi pikapu kila siku kumi, karibu tani moja kwa safari, kilo nane kwa ng'ombe kwa siku. Dreshi mbichi ina protini nyingi, lakini juani huoza ndani ya siku mbili tatu. Waliihifadhi ndani ya mapipa, ikakanyagwa hadi hewa itoke, ikafunikwa kwa shitingi na mawe juu. Hivyo ilidumu hadi pikapu iliyofuata bila ukungu. Ndani ya wiki tatu wastani ulipanda kutoka lita nne na nusu hadi sita na nusu. Mwanachama mmoja alitaka zaidi, akampa ng'ombe wake kilo 20 na majani kidogo. Mnyama aliharisha na kuacha kucheua, kwa sababu tumbo la ng'ombe bila nyuzi za majani huchachuka. Aliponywa kwa majani makavu na kusimamishiwa dreshi kwa siku kadhaa. Kanuni iliyoandikwa ukutani baada ya hapo: majani kwanza asubuhi, dreshi baadaye.

Vipandikizi vya penisetumu viliingia udongoni mvua zilipoanza Septemba, vikonyo vyenye macho matatu, macho mawili chini ya udongo, mita moja kati ya mistari na nusu mita ndani ya mstari, samadi kwenye kila shimo. Vilikatwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, kisha kila wiki sita hadi nane. Waliokata kabla ya wakati kwa sababu ya njaa waliua mashina mengi, wakalazimika kupanda upya.

## Mkataba mpya wa mzunguko

Mkataba wa kwanza ulinyamaza juu ya mambo matatu: ndama dume ni wa nani, ng'ombe akifa nani anabeba hasara, na ng'ombe ni mali ya mwanachama au ya kooperativi hadi deni liishe. Familia mbili zilizofiwa zilidaiwa kwa miezi mingi ndama wasioweza kuzaliwa. Aibu hiyo ilikuwa nzito. Mzee mmoja aliacha kuhudhuria mikutano.

Katika mkataba mpya, ng'ombe ni wa kooperativi hadi deni liishe. Akifa, na daftari la kunyunyizia na taarifa ya ugonjwa vikionyesha kwamba mlezi alitimiza wajibu wake, deni linafutwa. Ndama dume analelewa hadi miezi kumi au 12, anauzwa, na nusu ya bei inaingia kwenye mfuko wa kununua mtamba. Jike harudishwi tena na miezi sita, bali akiwa amefika mwaka, kwani ndama mdogo aliyehamishiwa kwa mtu asiyejua kufuga hudumaa. Na anayepokea lazima aonyeshe mita za mraba 1,500 za majani zilizokwisha kukatwa angalau mara moja, mistari ya kontua ikihesabiwa. Mahitaji kamili ya ng'ombe mmoja ni kama mita 50 kwa 60 za penisetumu yenye samadi. Nusu nyingine wanaijaza kwa mashina ya viazi vitamu, mabua ya mahindi na dreshi.

## Matokeo kufikia mwezi wa 30

Ng'ombe 11 wa mwanzo walikuwa hai kooperativini. Wawili walikufa kwa kupe. Mmoja aliuzwa mwezi wa tisa baada ya chuchu mbili kukauka kwa ugonjwa wa kiwele, uliotokana na sakafu ya tope na ukamuaji usiomaliza maziwa. Tangu kijana wa pompi aanze kazi, hakuna aliyekufa kwa theileriosi. Waliougua walikuwa wawili, wote walitibiwa siku ya kwanza.

Wastani wa maziwa ulikuwa lita nane hadi tisa wakati wa mvua, sita kiangazini. Nafasi kati ya uzao wa kwanza na wa pili ilikuwa miezi 16 na zaidi. Familia mpya sita zilikuwa na mtamba: wanne kutoka kwa ndama waliozaliwa, wawili walionunuliwa kwa fedha za madume. Jedwali la mradi liliahidi familia mpya 28, yaani 42 ukitoa zile 14 za kwanza. Ripoti ya kufunga mradi ilihesabu ng'ombe 14 waliogawiwa, kwa sababu hicho ndicho kipimo kilichoandikwa, ikafungwa kwa alama nzuri.

## Kilichofaa na kilichoshindwa

Kazi ya kunyunyizia iliyokabidhiwa mtu mmoja anayelipwa ilifaa kuliko mafunzo yote. Mafunzo ya siku mbili yaliwafundisha watu 14 jambo ambalo mmoja angelifanya vizuri kwa wote, na makato kwenye maziwa yaliondoa ugomvi wa kudaiana.

Karatasi ya bwasa ilifaa kwa sehemu. Ilifanikiwa pale mwenye shamba alipoona udongo wake ukibaki juu baada ya mvua ya Novemba. Ilishindwa pale shamba lilipokuwa na mgogoro wa warithi, kwani hakuna ndugu aliyethubutu kusaini chochote. Mradi ungeweza kumleta afisa wa ardhi mezani mapema. Kijiji peke yake hakina nguvu hiyo.

Ulezi wa ubia ulikwama. Jozi mbili kati ya nne zilivunjika kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu mlezi alitangaza lita nne huku jirani wakihesabu sita. Zilizobaki ziliokolewa na kipimo: maziwa yote, ya asubuhi na ya jioni, hupimwa mahali pamoja mbele ya wote wawili na kuandikwa. Hapohapo huwekwa laktodensimita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa. Maziwa mazima husoma 1.028 hadi 1.032, na yaliyotiwa maji hushuka chini yake. Ya jioni, ambayo moto haiyachukui, akina mama huyagandisha na kuyachuja kuwa mashanza, jibini la kienyeji.

Upande wa serikali, kasoro kubwa ni mahali fedha zilipoelekezwa. Karibu zote zilikuwa ndani ya ng'ombe na lori. Afisa wa mifugo wa eneo, aliyejua theileriosi vizuri kabisa, hakuwa na mafuta ya pikipiki. Alifika kijijini ng'ombe wa pili alipokuwa tayari anahema. Mitamba kumi badala ya 14, na bei ya wale wanne ikatumika kwa vipandikizi mwaka mmoja kabla, pompi, vipimo vya joto, buparvakwoni kwenye kituo cha afya, na mafuta ya afisa, huenda zingeacha, wazao wakihesabiwa, ng'ombe wengi zaidi hai kuliko hawa 11 na wazao wao. Na kipimo cha mradi kingebadilika: wahesabiwe ng'ombe walio hai na wenye mimba mwezi wa 18, si walioshushwa kwenye lori.

Uzazi bado haujatatuliwa. Upandishaji kwa mbegu ulijaribiwa, lakini naitrojeni ya kuhifadhia mbegu haikupatikana kwa uhakika, na ng'ombe aliye peke yake zizini hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo joto lake la saa 12 hadi 18 hupita usiku bila mtu kuona ute. Kooperativi ilimgeukia fahali mmoja chotara wa mwanachama, aliyepimwa brusela. Mabinti wa kwanza wa fahali huyo, wale wa uzao wa pili, watafika umri wa kupandwa mwaka unaofuata, na hawapaswi kurudishwa kwa baba yao. Kamati imeanza mazungumzo na kooperativi ya kilima cha pili ili wabadilishane mafahali kabla ya Septemba, kila fahali akipimwa upya kabla ya kuvuka bonde.